Kuni za Mtu Usiyemjua

Kwa muda wa miaka kumi na mitano nilisimama mbele ya wanafunzi wangu katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, nikaandika ubaoni majina ya majira: kiangazi, masika, vuli, kipupwe. Nilipofika kwenye kipupwe nilieleza, kama nilivyoelezwa nami chuoni, kwamba hicho ni kipindi cha baridi, na kwamba wafasiri hupenda kulitumia neno hilo kwa majira ya baridi ya Ulaya. Siku moja binti mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, baridi hiyo ya Ulaya hufanya nini?" Nikamjibu kwamba hugandisha maji. "Na watu nao hufanya nini?" Nikamwambia kwamba hukaa ndani. Wanafunzi wakacheka, kengele ikalia, nikafuta ubao.

Wenzangu walimu watanielewa nikikiri kwamba jibu lile lilikuwa la mtu asiyejua lakini hataki kuonekana kuwa hajui. Kipupwe cha watu wa pwani ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati kusi inapovuma na mtu akajifunika shuka usiku. Ni neno la mahali pake na la hali yake. Mimi nililichukua nikalipeleka penye maji magumu kama jiwe, bila kujiuliza kama litafika salama.

Katika mwaka wa masomo wa 2018 hadi 2019 nilijaliwa kwenda Norwei, katika mpango wa kubadilishana walimu, nikafundisha kwenye shule moja iliyoko katika bonde la Gudbrandsdalen. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja fundi seremala, aliyekwisha kustaafu, mwenye kijumba cha magogo juu ya mlima, kimo cha mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari. Wanorwei wengi wana vijumba vya namna hiyo, au wana ndugu aliye nacho. Mzee alinitazama mikono, akanitazama viatu, akaniuliza kama ningependa kumsaidia kukitunza kile chake mpaka theluji iyeyuke. Nilikubali kwa adabu tu. Sikujua kwamba nilikuwa nakubali kazi ya baba yangu.

Yapasa nimweleze msomaji jambo hili kabla ya kuendelea. Baba yangu alikuwa mchukuzi wa mizigo katika milima ya Rwenzori. Sisi ni Wakonzo, na mlima ule ni wetu tangu kale. Hata jina lake latokana na neno letu *nzururu*, yaani theluji. Kiswahili alikipata kwa wachimbaji wa shaba wa Kilembe, mgodi uliofunguliwa mwaka 1956, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kupokezana sururu. Baadaye alikitumia mlimani pamoja na wageni na wenzake, akipanda na mzigo wa kilo zaidi ya 20 mgongoni, kupitia matope yanayomeza mguu hadi gotini, mpaka kwenye vibanda vya wapanda mlima. Wageni walilala katika vibanda. Wachukuzi aghalabu walilala chini ya miamba iliyojitokeza, wakiuzunguka moto wa kuni mbichi.

Mwaka 1995, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, Baba aliniambia wakati wa likizo: "Twende wote mara hii, ukaone nzururu kwa macho yako." Nilikataa. Nilimwambia nina mitihani, na kweli nilikuwa nayo, lakini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba sikutaka mwanafunzi mwenzangu yeyote anione chini ya mzigo. Baba hakurudia. Mwaka 1997 vita vya waasi viliufunga mlima, na ulipofunguliwa tena mwaka 2001 magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alifariki mwaka 2014, nami sijafika kwenye theluji ile hata leo.

Sasa turudi Norwei. Nilidhani kwamba majira ya baridi huandaliwa yanapokaribia. La hasha. Kuni tulizozikuta mwezi wa Agosti zilikatwa mwishoni mwa majira ya baridi yaliyotangulia, kabla utomvu haujapanda mtini. Mti wenyewe ni ule wa gome jeupe ambao wenyeji huuita *bjørk*. Kuni zake huchanjwa mapema, kisha hupangwa mahali penye upepo, zimeinuliwa kutoka ardhini, na zile za juu kabisa hulazwa gome likiangalia mbingu ili liwe paa lao. Kiangazi chote hukaa hivyo zikikauka. Mzee alinifundisha kuzijua zilizokauka: huchukua vipande viwili akavigonganisha. Vikitoa mlio mkali, mwembamba, kama wa kengele ya mbuzi, viko tayari. Vikitoa mlio mzito wa kufa, vina maji ndani yake. Kuni yenye maji hupoteza moto wake kwa kujikausha yenyewe kwanza, na moshi wake huacha masizi ndani ya dohani, na masizi hayo yaweza kuwaka siku moja na kuteketeza nyumba.

Septemba tuliziba matundu. Panya wa mlimani ni mdogo mno. Tundu la kupitisha kalamu ya risasi lamtosha kuwa mlango. Tuliyaziba kwa nyuzi za chuma, kwa sababu kitambaa hukitafuna. Unga, sukari na mishumaa vilitiwa katika makopo. Magodoro yalisimamishwa kwa ubavu, mbali na ukuta, ili hewa ipite na panya asipate kitanda. Dohani ilifagiliwa. Jivu halikutiwa kamwe katika ndoo ya plastiki wala sanduku la mbao, bali katika debe la chuma lenye kifuniko, likawekwa nje juu ya jiwe. Kwani kaa lililofunikwa jivu huweza kuishi siku kadhaa, nawe ukidhani limekufa. Wazee wetu waliolinganisha chuki na moto chini ya majivu walikuwa wakisema habari ya jiko kabla ya kusema habari ya moyo.

Oktoba ilikuwa zamu ya maji, na hapo ndipo nilipokosea.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Hesabu hiyo niliijua tangu shule ya msingi, lakini niliijua kama mtu ajuavyo jina la mfalme aliyekufa. Ndani ya bomba lililofungwa asilimia 9 hazina pa kwenda, basi bomba hupasuka. Kwa hiyo kijumba kikifungwa, pampu huzimwa, koki zote hufunguliwa, maji hutolewa katika kila bomba, na yale yabakiayo katika kizingo cha chini ya beseni huondolewa au hutiwa dawa isiyoganda. Mzee alinionyesha mara moja. Mwanzoni mwa Novemba alinipa ufunguo, nikaenda peke yangu kulala siku mbili na kufunga. Nilifungua koki zote, nikasikiliza maji yakitoka mpaka yakanyamaza, nikaona nimemaliza. Kizingo cha chini ya beseni nilikisahau. Nikachoma kuni zote zilizokuwa ndani ya sanduku, nikavitumia vibanzi vya kuwashia moto mpaka cha mwisho, nikaliacha jiko tupu, nikafunga mlango.

Tuliporudi baada ya wiki mbili kizingo kilikuwa kimepasuka kama ganda la karanga, na barafu imejitokeza kwenye ufa. Mzee hakusema neno. Alikifungua, akakiweka mezani mbele yangu, akaenda kutafuta kingine katika kisanduku chake cha vifaa. Kisha akaliangalia jiko tupu, na sanduku la kuni tupu, na hapo ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni: "Bomba laweza kununuliwa." Sikumwelewa. Nilimwona akichukua shoka, akachanja vibanzi vyembamba, akavipanga ndani ya jiko pamoja na gome la *bjørk* na kuni ndogo tatu, akaweka kiberiti juu ya ubao wa karibu, kijiti kimoja kikiwa kimechomoza nje ya kisanduku chake. Kisha hakuwasha. Tulikuwa tunaondoka, naye alikuwa akiandaa moto ambao hatutauota. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

Disemba jua lilichomoza kama saa tatu na robo asubuhi, likazama kama saa tisa na robo alasiri. Theluji ikashuka. Hapa nami nilianza kujifunza Kiswahili upya. Twasema *theluji*, neno tulilopewa na Waarabu. Twasema *barafu*, neno lililotoka Uajemi, ambako maana yake ni theluji hasa, nasi tukalifanya kuwa maji yaliyoganda. Na kamusi zatupa *sakitu*, umande ulioganda, neno ambalo nililifundisha bila kuligusa. Maneno hayo matatu yalinitosha darasani. Pale mlimani hayakutosha, kwani theluji mpya iliyo nyepesi kama sufi ni kitu kimoja, na theluji kongwe iliyoshindiliwa na upepo ni kitu kingine, na mwenye nyumba asiyezitofautisha atavunjikiwa na paa. Sikutafuta maneno mapya ya kigeni. Nilijaribu kusema: theluji ya sufi, theluji ya mchanga, theluji ya ubao, theluji ya uji. Mzee alipoulizia maana nikamfasiria, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba mtu aliyezitaja hivyo amekwisha kushika beleshi.

Nami nilikuwa nimelishika. Paa la kijumba kile lilikuwa na eneo la mita 60 za mraba. Theluji kongwe ya nusu mita juu yake ni mita 30 za ujazo, na kila mita ya ujazo huweza kufikia kilo 300. Mwalimu wa hesabu na afanye kuzidisha: tani 9 zimekaa juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Huondolewa kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, kwani ukiufagia upande mmoja wote mzigo wa upande wa pili huusukuma ukuta. Wala haikwanguliwi mpaka chini, bali huachwa tabaka jembamba ili beleshi lisijeruhi paa. Beleshi lenyewe halilali nje. Hulala ndani, nyuma ya mlango, kwa maana asubuhi moja mlango waweza kuwa umezikwa, na beleshi lililo nje ya mlango uliozikwa halina faida kwa aliye ndani.

Maji ya kunywa tuliyapata kwa kutoboa barafu ya kijito, na siku kijito kilipokataa tuliyeyusha theluji. Katika kazi hiyo pia kuna elimu. Sufuria hutiwa kwanza maji kidogo, ndipo theluji ifuate; usipofanya hivyo sufuria huungua na maji hunuka moshi. Na theluji ya sufi hudanganya: ndoo nzima iliyojaa pomoni hukupa kikombe au viwili tu.

Naja sasa kwenye usiku wa mwezi wa Februari. Mwalimu mwenzangu mmoja, kijana mwenyeji wa bonde, alinichukua tupande siku ya Ijumaa baada ya masomo. Wanorwei wana kanuni 9 za mlimani, zilizoenezwa sana baada ya Pasaka ya mwaka 1967 ilipoua watu wengi huko juu, na mojawapo yasema kwamba mtu ageuke mapema, kwani kugeuka si aibu. Tuliijua. Lakini upepo ulitukuta tukiwa tumekwisha kupita nusu ya njia, na kurudi kukawa kurefu kuliko kufika. Tulifuata fito zilizosimikwa kuonyesha njia, tukienda kutoka ufito hadi ufito, na mara nyingine tulisimama tusiuone unaofuata mpaka upepo upumue. Kipimajoto cha ukutani, tulipofika, kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri.

Ndani mlikuwa na baridi ile ile ya nje, ila bila upepo. Nilivua glavu ili niwashe taa, nikakuta vidole vyangu si vyangu tena. Nilivitazama, nikaviamrisha, havikutii. Kijana alikuwa akitetemeka kiasi cha kushindwa kufungua vifungo vyake. Shoka lilikuwapo, na magogo yalikuwapo barazani, lakini nani kati yetu angeweza kuchanja? Mtu mwenye vidole kama vile akishika shoka hujikata mguu.

Nilifungua mlango wa jiko kwa kiwiko. Ndani mlikuwa na vibanzi vimepangwa juu ya gome, na kuni ndogo tatu juu yake. Mzee alikuwa amekuja katika siku za Mwaka Mpya. Kiberiti kilikuwa juu ya ubao, kijiti kimoja kimechomoza. Nilikishika kijiti hicho kwa viganja viwili vya mikono, kama mtoto anavyoshika kikombe, nikakivuta, kikawaka. Gome likashika mara moja, likatoa moshi mweusi, kisha vibanzi, kisha kuni. Tukapiga magoti mbele ya jiko lile tusiseme neno, mpaka vidole vilipoanza kuuma. Na maumivu hayo ni mema, kwa sababu ni dalili ya damu kurudi.

Ndipo sauti ya Baba iliponijia. Nilipokuwa mtoto alikuwa akisimulia, naye akichonga mpini wa jembe, kwamba wachukuzi wa Rwenzori hawakuondoka chini ya mwamba asubuhi bila kuacha kuni. Walitafuta matawi yaliyokufa ya ile miti mikubwa ya ajabu iotayo huko juu, wakayasukuma ndani kabisa ya mwamba mahali mvua isipofika, ndipo wakajitwika mizigo. Nilimwuliza: "Kwa ajili ya nani?" Akasema: "Ya mtu usiyemjua. Zile ulizozikuta jana si zako. Wewe umekopa tu." Nami nilikuwa mtoto mwerevu wa shule, nikamwambia kwamba huenda asije mtu. Baba akaendelea kuchonga mpini.

Usiku ule nilihesabu. Kama mwezi wa Novemba angelikuja mtu katika hali yetu, akafungua jiko lile nililoliacha tupu, angelikuta nini? Angelikuta uvivu wangu. Hapo nikamwelewa mzee: bomba laweza kununuliwa. Nilimweleza kijana habari za Baba kwa Kinorwei changu cha kukwaruza, na nilipokosa neno nilisema kwa Kikonzo, naye hakulalamika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwambia mtu mgeni, tena kwa fahari, kwamba baba yangu alikuwa mchukuzi.

Tulikaa siku mbili mpaka upepo ulipokoma. Kabla ya kuondoka nilitoa maji yote, na kizingo cha chini ya beseni nikakifungua kwa mikono yangu nikakiinamisha mara mbili. Nikachanja vibanzi. Nikaupanga moto nisioutarajia kuuota, nikachomoza kijiti kimoja cha kiberiti.

Nimerudi nyumbani, nami nafundisha tena. Theluji ya Rwenzori imepungua mno: barafu iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba zaidi ya 6 mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba mwanzoni mwa karne hii, na wataalamu walionya kwamba itakwisha. Huenda wajukuu wa Baba wakalijua neno *nzururu* kama nilivyolijua mimi neno *sakitu*, yaani kwa kuambiwa. Kwa sababu hiyo, somo la majira linapofika sianzi tena na majina. Nawauliza wanafunzi: watu hufanya nini wakati huo? Huandaa nini, miezi mingapi kabla, na kwa ajili ya nani? Vitenzi vikija, majina hufuata yenyewe. Na mwisho wa mwaka, kabla sijamkabidhi mwalimu mwingine darasa langu, namwachia daftari lenye mifano, makosa ya kila mwanafunzi, na mazoezi niliyokwisha kuyaandaa. Mimi mwenyewe nilipopewa kituo changu cha kwanza nilikuta kabati tupu, nami najua ubaridi wake.

Katika kijumba kile kuna kitabu ambacho kila mgeni huandika siku aliyofika na hali aliyoiacha. Mzee aliniomba niandike kwa Kiswahili, hata kama hakuna atakayesoma. Niliandika hivi: "Tumelala siku mbili. Upepo mkali, nyuzi 22 chini ya sifuri. Maji yametolewa yote. Paa limefagiliwa pande mbili. Jivu liko nje, ndani ya debe. Beleshi liko nyuma ya mlango. Jiko limepangwa, kiberiti kiko juu ya ubao. Karibu."

Chini yake nikatia sahihi. Badala ya jina langu peke yake, niliandika jina la Baba pia.